Nyuzi Saba Chini ya Mlima Elgon

Miongoni mwa mashaka ambayo mwanadamu hujitafutia kwa hiari yake, pasipo kusukumwa na njaa wala kuamrishwa na hakimu, sijaona bado lililo zito na lisilo na ujira kama la kupiga ala ya muziki. Kwani mkulima akilima hupata mavuno au hupata ukame, na katika hali zote mbili hujua kilichompata, lakini mpigaji huweza kukaa na ala yake tangu alasiri mpaka isha, akainuka ncha za vidole zikimwuma na jirani amekwisha funga dirisha kwa hasira, na bado asiweze kumwambia mkewe kama siku hiyo amesonga mbele au amerudi nyuma. Na kesho yake huirudia.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Mimi ni mpigaji wa udi wa Mombasa, wa daraja ya kati, wa jamii ile ya wapigaji ambao hualikwa arusini iwapo fundi mwenyewe yu safarini au ana homa. Nimeipata kwa udi huo furaha ambayo sipendi kuieleza mbele ya watu wasiopiga, na nimezipata karaha ambazo wapigaji wote wanazijua bila ya kuelezwa: uzi unaokatika katikati ya kipande kizuri, kigingi kinachoteleza hali mwimbaji amekwisha fumbua kinywa, na zaidi ya yote ule muda mrefu usio na shukrani wa kulinganisha nyuzi, ambao wasikilizaji huuona kuwa ni uchelewesho, na sisi wapigaji, aghalabu, tumezoea kuuona kuwa ni adha inayoutangulia muziki. Safari ninayoisimulia hapa ilinigeuza rai katika jambo hilo moja.

Asili ya safari ni sahibu yangu mmoja, mwalimu, Mbukusu wa Bungoma, aliyesomesha pwani miaka kadhaa kabla ya kuhamishiwa kwao. Alipokuwa Mombasa aliketi nasi barazani, akatusikiliza kwa adabu, na kila nilipovikaza vigingi vya udi wangu alicheka chinichini, akisema kwamba kwao liko litungu, kinubi cha nyuzi saba, ambalo kigingi halina hata kimoja, na kwamba laiti ningalizaliwa Chwele ningalikuwa nimekwisha iacha kazi hii zamani. Maneno hayo yalinikaa rohoni. Likizo ya shule ya mwezi wa Agosti ilipofika aliniita, nami nikautia udi katika mfuko wake, nikapanda garimoshi hadi Nairobi, na kutoka huko basi la usiku la Kitale, ambalo sina la kusema juu yake ila kwamba udi ulilala na mimi sikulala.

Alfajiri ilitukuta Moi's Bridge, katikati ya mashamba ya mahindi yaliyotanda pande zote mbili za barabara mpaka jicho linapochoka. Kitale umekaa juu, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mgeni wa pwani hupashwa habari hiyo na meno yake kabla ya kuisoma mahali popote. Upande wa magharibi umelala Mlima Elgon wenye mita 4,321, mlima uliotandawaa kwa upana hata urefu wake hauaminiki, na alasiri nyingi za mwezi huo mvua huteremka kutoka huko kwa wakati wake kama ilivyopenda. Ni mji wa nafaka na mbegu. Reli ilifikishwa hapa kutoka upande wa Eldoret mwaka 1926, ichukue mazao ya walowezi. Na mwaka huohuo mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, aliyekuwa na mapenzi makubwa na wadudu na vitabu, alianzisha makumbusho yake, ambayo alipofariki mwaka 1966 aliyausia taifa, na ndiyo asili ya Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa mwaka 1974. Nilizunguka humo asubuhi nzima, nikastaajabia vipepeo, nikazikagua nyumba za jadi zilizojengwa bustanini. Lakini vitu vilivyo nyuma ya kioo, hata vikiwa vya thamani namna gani, haviniridhishi nijapo kutafuta sauti.

Usiku, katika nyumba ya wageni, niliufungua mfuko nikaukuta udi wangu umevurugika: kila uzi umehama kwa upande wake, na vigingi, vilivyozoea hewa ya bahari, vikateleza vidoleni mwangu kila nilipovikaza. Nilihangaika navyo mpaka mwenye nyumba akabisha mlango na kuniuliza, kwa upole mwingi, kama ninatengeneza kitu.

Huku ni nchi ya vinubi. Wabukusu wana litungu. Wajaluo walio kusini yao wana nyatiti ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huketi juu ya kigoda na kuugonga ubavu wa ala kwa pete ya chuma iliyovikwa kidole cha mguu. Wakisii wana obokano, kubwa lenye sauti ya chini ajabu. Wakuria, wa Kenya na wa Tanzania, wana iritungu. Na Wakipsigis wana chepkong', ala ambayo mwaka 1950 ilimpatia Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mojawapo ya rekodi zake zilizosifiwa sana, pale wasichana wa Kapkatet walipomwimbia kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha, ambaye kumbe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyewafikia katika santuri. Ukiufuata ukoo huu kwenda kaskazini utapita Uhabeshi, kwenye krar na begena, ukafika Nubi, na kutoka Nubi utavuka bahari pamoja na watumwa na mabaharia mpaka Basra na Oman, ambako tambura hupigwa hata leo katika ngoma za pepo. Nilikuwa nimetoka Mombasa nikidhani ninakwenda kuitazama ala ya wenyeji wa bara. Kumbe ni ala ambayo jamaa zetu walioko ng'ambo wanamsikia binamu yake usiku wakiwa vitandani.

Matatu ya kwenda Kimilili hupita Kiminini na Kamukuywa. Udi wangu ulilipishwa nauli ya abiria, dhuluma ambayo niliisamehe kwa kuwa iliupatia udi kiti na mimi nikapata nusu ya kiti. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu aliutazama mfuko kwa muda, akauliza kama hilo ni gitaa lililovimba. Nikaufungua, akauzungusha, akasikitika kwamba hauna vipande vya chuma shingoni vya kumwongoza mtu, kisha akaanza kunieleza habari za mpigaji wa gitaa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, na wa mtindo ule wa omutibo, ambao gitaa moja hupigwa kwa vidole hata likatosheleza kazi ya magitaa mawili, na mwenzako kando yako akikwaruza chupa ya Fanta ili kushika mwendo. Chupa ya Fanta si masihara: Abana ba Nasery wa Bunyore, kundi la akina Shem Tube, waliipeleka sauti hiyo mpaka katika santuri za Ulaya. Mzee yule alikuwa na hoja, na mimi naiafiki, kwamba gitaa lilipofika nchi hii halikukuta vidole vitupu. Lilivikuta vidole vilivyokwisha funzwa na vinubi kugawana kazi, kidole hiki kikishika msingi na kile kikizungumza juu yake, na ndiyo maana Waluhya walilipiga gitaa tofauti na watu wa Kongo waliowasikia.

Sahibu yangu alinilaki Kimilili. Mwenyeji tuliyemkusudia, mzee mpigaji wa litungu, alikaa mbele ya Chwele, katika vilima vyenye migomba na kahawa, na sahibu yangu alimwita kuka, yaani babu, ingawa hawakuwa na nasaba ya karibu. "Mulembe," akatuamkia, tukaitikia, tukaketishwa. Wazee watatu walikuwa wamekizunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu kinywani. Mimi nililetewa chai ya maziwa bila ya kuulizwa, kwani mwalimu alikwisha wapasha habari ya dini yangu, na baadaye nikaambiwa kwamba mtu asiyekunywa ana faida moja katika majlisi kama ile, nayo ni kukumbuka nyimbo kesho yake. Wamishonari wa Kimarekani wa madhehebu ya Marafiki, walioanza kazi Kaimosi mwaka 1902 na kisha wakaenea mpaka Lugulu, hawakulipenda litungu kwa sababu ya chungu hicho hicho kilichokaa karibu yake. Hata leo zipo nyumba za waumini ambazo babu alikuwa mpigaji na wajukuu hawajui.

Ule ulikuwa mwaka wa witiri, na kwa hiyo nchi ilikuwa imetulia. Wabukusu hutahiri vijana wao katika mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa, na mwaka kama huo, walisema, nisingalipata mtu wa kunifundisha lolote, kwa kuwa kila njia hujaa mlio wa chinyimba, zile njuga ambazo mwari huzigonga akizunguka kuwaalika jamaa zake.

Litungu lenyewe ni kitu chepesi kuliko nilivyotaraji. Ni bakuli la mti lililochongwa, likawambwa ngozi. Mikono miwili ya mti imepenya ngozi hiyo na kutanuka kwenda juu. Na juu ya mikono hiyo umelazwa mti mwingine mmoja, ambao nyuzi saba zimefungwa kwake. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Sasa ni mshipi wa nailoni, uleule ambao kwetu Mji wa Kale watu wanavulia changu. Ngozi haikunishangaza, maana babu zetu wa pwani, kabla ya udi wenye uso wa mbao kutamalaki, walipiga gambusi na kibangala, ambavyo navyo huwambwa ngozi. Kilichonishangaza ni pale juu. Mahali ambapo udi una kigingi, hapa kila uzi umezungushwa juu ya kitambaa kilichokunjwa kikawa pete, na mtu akitaka kuipandisha sauti hana budi kuishika pete na uzi wake kwa pamoja na kuizungusha kwa nguvu za kiganja; ikikubali hukaa, isipokubali hurudi, na mara nyingi hurudi baada ya kukulaghai kwa kukaa kidogo.

Mvua ilikuwa imekunya, na ngozi imelegea. Mzee alilisogeza litungu karibu na moto wa jikoni, akaligeuza mara kwa mara, akaibisha ngozi kwa kucha mpaka ikajibu anavyotaka, kisha akalipakata na kuanza kuzungusha pete zake. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa mpigaji yeyote wa kwetu. Hakutafuta sauti ya kwanza mahali popote nje ya mwili wake. Alikohoa, akavumisha sauti kooni, ile sauti ya katikati ambayo humtoka mtu akiwa ametulia, akauleta uzi mmoja mpaka ukakutana nayo. Kisha zile nyingine sita zikapangwa kwa huo mmoja, zikirudiwa tena na tena, huku wazee wenzake wakizungumza na kunyonya mirija yao bila ya dalili yoyote ya kusubiri. Kwao muziki ulikwisha anza. Mmoja alitingisha kichwa uzi wa nne ulipokaa, kama mtu aliyesikia ubeti mzuri.

Akapiga. Sitayaeleza yote aliyoimba, kwa kuwa sahibu yangu alinitafsiria nusu na nusu nyingine akacheka peke yake. Yalikuwamo majina ya koo na sifa za watu, na aibu za watu pia. Vidole vyake havikutumia risha. Vilidonoa kwa nyama yake, na bakuli likanguruma chini kwa namna ambayo udi, kwa uungwana wake wote, hauwezi. Kijana mmoja aliyekuwa akipasua kuni aliacha shoka na kuanza kutikisa mabega, ngoma ile iitwayo kamabeka, na mabega yalikuwa na akili kuliko miguu ya wachezaji wengi niwajuao.

Kisha akanipa litungu. Nilikuwa nimemwangalia kwa makini, na kwa kuwa mimi si mgeni wa nyuzi nilidhani nitaweza walau kuigiza mwendo mmoja mfupi. Lakini kabla kidole changu hakijafika alinizuia mkono. "Imba, mwanangu." Nikavumisha. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akazilegeza nyuzi zote saba kwa mkupuo mmoja, kazi yake yote ya saa nzima ikapotea, akasema kwa Kiswahili chake cha Bungoma kilichonyooka: "Hilo lilikuwa koo langu. Tafuta lako."

Nilitafuta mpaka jua likashuka nyuma ya migomba. Sidhani kama nimewahi kupata adha kama ile tangu nilipokuwa mtoto nikifundishwa kushika risha. Pete ya tatu ikikaa, ya kwanza hulegea. Ukirudi kwa ya kwanza, ngozi nayo imepoa, na zote zimeshuka pamoja. Viganja vikaniungua, na ile nta iliyoshikiza daraja juu ya ngozi ikaanguka, ikabidi iyeyushwe na kubandikwa upya. Mzee hakunisaidia hata mara moja, ila alisema "bado" kila nilipomtazama, na punde nikaacha kumtazama. Kwa bahati, au kwa kuchoka, sikio langu likaacha kutafuta zile makamu za Kiarabu lilizozizoea, likaanza kusikiliza koo langu mwenyewe, ambalo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuliuliza; na uzi wa mwisho ulipoingia mahali pake bakuli zima liliitika, nyuzi ambazo sikuzigusa zikavuma pamoja na ile niliyoigusa, nikahisi mtetemo wake mapajani. Sikuwa nimepiga wimbo wowote. Nilipiga nyuzi saba, moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi, na sijui furaha iliyozidi ile ambayo udi umenipa arusini.

Nikaifikiri hali yetu pwani. Sisi tunalinganisha udi kwa akodiani, au kwa kinanda cha umeme, yaani kwa chombo ambacho sauti zake zilikatwa kiwandani na mtu ambaye hakumjua mwimbaji wetu. Kisha mwimbaji, awe na kifua kipana au chembamba, huambiwa apande mpaka huko au ashuke mpaka huko, na akishindwa tunasema leo sauti yake imeharibika. Tumeifupisha kazi ya kulinganisha, na gharama yake tumemtwisha mwimbaji.

Siku ya kwenda Bungoma mzee alifuatana nasi, kwa kuwa mwalimu alimwalika kuzungumza na wanafunzi wake wa klabu ya muziki ambao walikuwa wamebaki shuleni. Kutoka Chwele mpaka Kanduyi ni mwendo mfupi, na kutoka Kanduyi mpaka mjini mfupi zaidi. Nyumbani kwa mwalimu, kando ya picha za watoto wake, niliona kitabu cha George Senoga-Zake cha mwaka 1986 juu ya muziki wa jadi wa Kenya, kimechakaa kwa kusomwa. Senoga-Zake alikuwa katika kamati ya Graham Hyslop iliyoutengeneza wimbo wa taifa mwaka 1963 kutokana na bembelezi ya Wapokomo. Mwalimu alikuwa na sababu ya kukichakaza kitabu hicho. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limekuwa kwa walimu wengi wa nchi hii mlango pekee ambao ala za jadi huingilia shuleni, na mlango huo una bawabu: waamuzi wenye kalamu, zamu za washindani na muda uliopimwa. Mtoto hufunzwa kipande kimoja, hukipiga mpaka mkoa, na tamasha likiisha litungu hurudi stoo. Silidharau tamasha, pasipo hilo hata stoo isingekuwa na kitu. Lakini mpigaji hufanywa na zile siku ambazo hakuna anayempima, na siku hizo ratiba ya shule haina.

Basi, tulipofika shuleni, mwalimu akaleta litungu alilolitengeneza mwenyewe, akaliweka mezani, na mimi nikaelewa kicheko chake cha Mombasa. Lilikuwa na bakuli, na ngozi, na mikono miwili. Ila kwenye ule mti wa juu alikuwa ametoboa matundu saba na kutia vigingi saba vya gitaa, vya chuma, vinavyozungushwa kwa vidole viwili.

Mzee alikitazama chombo hicho muda mrefu. Akauliza ni nani aliyekitia meno. Mwalimu akajieleza, kwa heshima lakini bila ya kurudi nyuma, kwamba mbele ya waamuzi hakuna moto wa jikoni, kwamba watoto wana viganja vidogo, kwamba wawili katika darasa lililopita waliiacha ala kwa sababu ya pete za vitambaa na si kwa sababu ya muziki, na kwamba kuka mwenyewe havuti tena mishipa ya ng'ombe bali nailoni ya dukani. Mzee akajibu kwamba nailoni ni uzi, na uzi ni uzi; lakini mtoto asiyehangaika na pete hatasikia uzi wake ukipanda, ataletewa sauti imekwisha pandishwa, na huyo atakuwa mtu wa kubofya. Wakavutana hivyo mpaka chai ikapoa, kisha wote wawili wakanigeukia mimi, mwenye udi wa vigingi kumi na kimoja, niwaamue.

Niliwaambia nilichokiona. Vigingi havijanizuia kusikia. Kilichonizuia ni kuichukua sauti ya kwanza kwa kinanda, na mtu huweza kuwa na pete za vitambaa na bado akaomba sauti kwa kinanda. Wote hawakuridhika, jambo linalonifanya nidhani nilikuwa karibu na haki. Mzee akamwita mwanafunzi mmoja, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, akamwambia avumishe. Akalegeza nyuzi zote saba za lile litungu la vigingi, na kwa vidole viwili, kwa wepesi ambao hakuwa ameutarajia, akazipanga upya kwa koo la mtoto, juu kabisa, mahali ambapo sidhani kama litungu lolote la mtu mzima limewahi kukaa. Ngozi ikavuma. Msichana akacheka, akashika ala, na darasa zima likataka nalo kupangiwa.

Alipofika wa tano mzee alisimama kunyoosha mgongo, akavikagua vile vigingi kimoja kimoja, akavikuta viwili vimelegea na kumwonyesha mwalimu kwa kidole, bila ya neno. Kisha akanijia kando, dirishani, akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyejali atakavyojibiwa, vitu kama vile huko Mombasa vinauzwa bei gani.